Boksi Liende, Lirudi

Mtazame mteja anavyofungua mzigo. Kisu kinapita juu ya selotepu na kuchana karatasi iliyo chini yake. Kipande kilichogoma anakivuta kwa mkono, kinatoka na ngozi ya boksi. Bawa moja linapasuka mpaka kwenye kona. Boksi limetoka Kariakoo, limelala kwenye buti la basi usiku kucha chini ya mizigo ya watu, limefika Sumbawanga zima. Linakuja kufia sebuleni, kwa dakika moja, mikononi mwa mtu aliyelisubiri kwa hamu.

Ninaandika kwa ajili yako unayeuza viatu, vitenge, asali, vyombo au vipodozi kwa simu na kutuma mikoani, na kwako pia unayepeleka bidhaa mjini kwa bodaboda. Mabingwa wengi wa vifungashio watakuambia ununue boksi nene zaidi. Mimi nakuambia anza na mlango. Likifunguka bila kisu, boksi la kawaida kabisa lina safari ya pili na ya tatu. Likihitaji kisu, unene hauliokoi. Ukishaupata mlango, swali linalobaki ni la njia ya kurudi, na hilo nitalifikia, maana ndiko pesa ilikojificha.

Kwanza tulijue boksi lenyewe. Ni karatasi mbili bapa, na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa mawimbi, zote zimeshikwa kwa gundi ya wanga, aghalabu wa mahindi. Mawimbi hayo ndiyo nguzo. Yakisimama wima yanabeba. Boksi ukililaza ubavu yanalala pia, na nguvu inapungua. Viwandani mawimbi hupewa herufi: A ni manene, karibu milimita 5, C karibu 4, B karibu 3, E ni membamba, kama milimita moja na nusu, yale unayoyaona kwenye boksi la piza au la simu. Mizigo mizito hupewa tabaka mbili za mawimbi, mara nyingi B na C pamoja.

Uzito unaowekwa juu ya boksi hubebwa zaidi na kona nne kuliko kuta. Kwa hiyo panga kona juu ya kona. Wapo wanaopenda kupishanisha maboksi kama fundi anavyopanga matofali ili rundo lisiyumbe. Rundo kweli haliyumbi, lakini kona ya juu inakaa juu ya ukuta mtupu wa boksi la chini, na rundo linaweza kupoteza hadi nusu ya uwezo wake. Ukitaka lisiyumbe, lifunge kamba.

Adui mkubwa kuliko uzito ni unyevu. Boksi lililokaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 90 hubaki na takribani nusu ya nguvu ya boksi hilohilo kwenye hewa ya asilimia 50. Aliyeko Dodoma anaweza kupuuza hili kwa miezi mingi. Aliyeko Tanga, Mombasa au Unguja hawezi, hasa wakati wa masika. Usiyaweke sakafuni. Yainue juu ya vipande vya mbao, mbali kidogo na ukuta, na boksi lililorudi likiwa na ubaridi lianikwe kabla ya kukunjwa na kuhifadhiwa.

Kupima kama boksi lina uhai, usiliangalie kwa macho tu. Bana ukingo wa bawa kwa dole gumba na kidole cha shahada: mawimbi mazima yanakataa, yaliyokufa yanaingia ndani na hayarudi. Pitisha kiganja kwenye kila kona ukitafuta sehemu iliyolegea. Nusa. Boksi lililowahi kulowa likakauka huwa na harufu ya uvungu na karatasi yake ya nje inatoa malengelenge. Hilo usilipe mzigo. Kwenye maboksi yaliyotoka Marekani utaona pia mhuri wa duara chini ya kitako. Ukisoma ECT 32, maana yake ukingo wake ulipimwa ukastahimili paundi 32 kwa kila inchi, na kwa kawaida mhuri huo huruhusu mzigo usiozidi paundi 65, yaani kilo 29 na nusu. Hiyo ni ahadi ya boksi jipya na kavu. Kwa safari ya pili mimi huikata nusu, na sijawahi kujutia ukali huo.

Sasa tuje kwenye ubunifu. Boksi ninalolivulia kofia kuliko yote halikubuniwa na mtu aliyekuwa akifikiria mazingira. Ni boksi la ndizi.

Kwa miongo mingi ndizi za biashara kutoka Amerika ya Kati zilivushwa bahari zikiwa mikungu mizima, kama ndizi za Tukuyu na Kilimanjaro zinavyofika Dar es Salaam kwa malori mpaka leo. Ile aina iliyouzwa wakati huo, Gros Michel, ilikuwa na ganda gumu lisilochubuka ovyo. Ugonjwa wa Panama, kuvu anayeshambulia mgomba kupitia mizizi, ukaangamiza mashamba, na kufikia miaka ya 1960 makampuni yakawa yanahamia kwenye Cavendish, ambayo kuvu huyo wa wakati ule hakuiweza. Lakini Cavendish huchubuka kwa kuguswa tu. Ikabidi chane zikatwe shambani na kupangwa kwenye boksi, na boksi lenyewe liwe na uwezo wa kukaa melini kwa majuma, kwenye baridi na unyevu, likiwa limerundikiwa mengine juu.

Tazama walichokifanya. Boksi lina vipande viwili, mwili na kifuniko, na kifuniko kinashuka karibu mpaka chini, hivyo kila ukuta ni ukuta mara mbili. Pande fupi zina matundu ya mikono, kwa hiyo mbebaji halazimiki kulikumbatia wala kuliburuta. Linabeba kilo 18 hivi za ndizi, uzito ambao mtu mmoja anaumudu. Na halina haja ya selotepu: kulifungua ni kuinua kifuniko. Kwa sababu hiyo, Wajerumani na Waholanzi wanapohama nyumba huenda kuyaomba kwenye maduka makubwa. Wauza vitabu vya mitumba wanapanga bidhaa humo. Mashirika yanayogawa chakula kwa wahitaji yanayatumia tena na tena. Kama una ndugu Ulaya anayekuandalia mzigo wa kuja kwa kontena, mwambie aanze hapo kabla ya kununua maboksi. Mkumbushe tu kwamba kitako na kifuniko vina uwazi mkubwa katikati wa kupitisha hewa, kwa hiyo alaze kipande cha boksi ndani, chini na juu, la sivyo vitu vidogo vitadondoka na vumbi litaingia.

Wewe unaweza kutengeneza ndugu yake kwa kisu na rula. Beba futi kamba uende kwa wanaouza maboksi yaliyotumika, utafute aina mbili ambazo moja inaingia ndani ya nyingine. Zipo, bidhaa za madukani zina vipimo vingi mno zisikosekane. Kubwa likate liwe kifuniko, dogo liwe mwili. Mtihani wa kufaa ni huu: inua kifuniko, kiweke juu ya mwili, kiachie. Kikidondoka kwa kishindo kimelegea. Kikikwama kitakuja kuchana kona. Kinachoshuka polepole huku hewa ikitoka kwa pumzi, hicho ndicho. Kitako cha mwili kigundishe moja kwa moja kwa gundi nyeupe ya mbao, ukiwekee tofali juu usiku mzima, kisha usikifungue tena maisha yake yote.

Boksi la namna hiyo lina kasoro moja kubwa: halikunjiki. Kwa biashara ya mjini si tatizo. Bodaboda anapeleka mzigo Sinza, mteja anainua kifuniko, anatoa vitu vyake, dereva anarudi na boksi tupu saa hiyohiyo. Hapo ndipo boksi moja linaweza kufanya kazi mpaka lichakae, na kama unapeleka keki, maua au nguo zilizopigwa pasi, sioni sababu ya kuendelea kununua boksi la kutupa. Mkubaliane tu na dereva mapema kwamba nauli yake inajumuisha kurudisha boksi. Akilitupa njiani, nawe usimlaumu kama hukumwambia.

Safari ya mikoani ni habari nyingine. Boksi tupu lililosimama linalipiwa nafasi kwenye basi kama boksi lililojaa. Lazima likunjike liwe bapa, na hapo kitako ndicho kinachosumbua, kwa kuwa kitako cha kawaida kinashikwa na selotepu. Viwanda vina jibu la siku nyingi, kitako cha kufuli, ambacho mabawa yake manne yanashikana yenyewe na uzito wa mzigo unayakaza. Nitaeleza jinsi ya kukitengeneza nyumbani, kwa vipimo, maana maelezo ya juujuu hayajawahi kumsaidia mtu.

Tuseme boksi lako lina urefu wa sentimita 36, upana 24 na kimo 30. Mabawa yake ya chini yana sentimita 12 kila moja, kwa kuwa yale marefu yanakutana katikati ya upana. Kwa kufuli tunataka yapandane, hivyo yanahitaji 16. Toa selotepu ya kitako taratibu, lilaze boksi bapa, kisha ongeza mipasuo yote minne ya kona kwa sentimita 4 kwenda juu. Chora mstari mpya wa kukunjia kwa rula ya chuma na kalamu iliyokwisha wino, upande wa ndani, ukikandamiza bila kukata. Kimo kimepungua kikawa 26. Hiyo ndiyo gharama. Mkunjo wa zamani sasa umebaki ndani ya bawa na ni mahali dhaifu, kwa hiyo ubandikie kipande cha boksi ambacho mawimbi yake yanakatiza mkunjo huo.

Bawa refu la kwanza likate pengo katikati ya ukingo wake wa nje, upana sentimita 14, kina 5. Mabawa mawili ya pembeni yapunguze yawe na sentimita 10 ili yasizibe pengo hilo, na ukate ncha zao mshazari. Bawa refu la pili litakuwa na ulimi: uache katikati, upana sentimita 13, nawe upunguze pande zake mbili kwa sentimita 5 ili ulimi ujitokeze. Viringisha pembe za ulimi. Ligeuze boksi kichwa chini. Kunja bawa lenye pengo, kisha ya pembeni, kisha lenye ulimi, na uusukume ulimi uzame kwenye pengo. Ligeuze tena, bonyeza kitako kwa ndani kwa ngumi. Utasikia kikikaa. Juu yake laza kipande bapa cha boksi kinachojaza kitako chote.

Mimi siamini kitako hicho cha mkono kwa zaidi ya kilo tano. Kwa viatu, vitenge, mabegi na dawa za nywele kinatosha sana. Jaribu kwanza kwenye boksi ambalo hutalilia, kwa sababu la kwanza huharibika.

Juu usihangaike. Namna ile ya kufumanisha mabawa manne, kila moja likipita juu ya la jirani na chini ya lingine, inafaa kwa mzigo mwepesi, ila isitumike kitakoni kamwe. Kinachofunga kweli ni mkanda wa nje, na hapa tuna kitu ambacho wabunifu wa ng'ambo wangetuonea wivu: mpira wa tyubu. Vipande virefu vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vile vinavyofungia mizigo nyuma ya bodaboda, vinakaza, havitelezi, vinahimili mvua na vinafunguliwa kwa vidole. Mikanda miwili kwa msalaba inatosha. Weka tu kipande cha boksi kilichokunjwa kwenye kila kona ambapo mpira unapita, ili usiyakate mawimbi.

Kuna njia nyingine ambayo wafanyabiashara wetu waliigundua bila kumwuliza mtaalamu, nayo ni kulivika boksi salfeti. Boksi linakuwa mifupa, salfeti inakuwa ngozi. Jina la mpokeaji linaandikwa kwa maka peni kwenye salfeti, kamba inafungwa kwenye salfeti, matope ya stendi yanaishia kwenye salfeti. Boksi lenyewe halibandikwi kitu. Mwaka 2010 kampuni ya Puma ilitangaza wazo la jamii hiyohiyo kwa viatu, kazi ya mbunifu Yves Béhar wa San Francisco: fremu nyepesi ya karatasi isiyo na kifuniko, imeingizwa ndani ya mfuko ambao mteja anabaki nao. Walisema matumizi ya karatasi yalishuka kwa asilimia 65 ukilinganisha na boksi la viatu la kawaida. Nilipolisoma nilicheka, maana mama yeyote aliyewahi kupakia vyombo kwenye shangazi kaja na kuzungushia maboksi kwa ndani angewauzia wazo hilo mapema. Ukiamua kufuata njia hii, mshonee mteja salfeti yenye zipu au kamba ya kukaza mdomoni. Ile inayoshonwa kwa uzi na kufunguliwa kwa wembe inaturudisha palepale tulipoanzia.

Wazo jingine la kuiba lilitoka Cooper Union, chuo cha New York, mwaka 2013, ambako wanafunzi wawili wa uhandisi walionyesha boksi linalotumia karatasi kidogo kuliko la kawaida, linalofunguka kwa kusukumwa kwa mkono, na ambalo likifika kwa mteja linaweza kugeuzwa ndani nje. Upande wa kwanza una alama na lebo za safari ya kwanza, upande wa pili ni msafi kwa safari inayofuata. Linahitaji kibao maalumu cha kulikunjia na gundi yake, kwa hiyo lote zima si la kwetu. Ule ugeuzaji ndio ninaoutaka. Boksi lako la kawaida lina mshono mmoja wa gundi kwenye kona. Uchomoe taratibu kwa rula nyembamba, ligeuze, ligundishe upya, na una boksi ambalo sura yake haina maandishi ya sabuni ya kampuni nyingine. Mikunjo ikigeuzwa hupungua nguvu, basi ligeuze mara moja tu, na ulipe kazi nyepesi.

Maduka ya nguo ya Ulaya yanayouza kwa mtandao yana ufumbuzi wa kivivu zaidi, nao ni mzuri: boksi lina utepe wa kuchania ambao mteja anauvuta kufungua, na ndani kuna mstari wa pili wa gundi, umefunikwa kwa karatasi, wa kufungia anaporudisha nguo isiyomtosha. Safari mbili, hakuna kisu, hakuna selotepu. Kama bidhaa yako ni ya kujaribu, viatu hasa, huu ndio mtindo wa kuuliza kiwandani.

Kuna pia ubunifu unaosifiwa ambao mimi siuhesabu. Mwaka 2020 Samsung walianza kuchapisha vidoti kwenye maboksi ya baadhi ya runinga zao ili mnunuzi ayakate na kutengeneza kibanda cha paka au rafu ya magazeti. Sina ugomvi na paka. Lakini boksi lililogeuka rafu haliji kubeba runinga nyingine, na kiwanda kinatengeneza jipya vilevile.

Ndani ya boksi nako kuna kazi. Chupa za asali na mitungi ya achari huvunjika kwa kugongana zenyewe kuliko kwa kuanguka. Kata vipande vya boksi vyenye kimo cha chupa, upasue kila kimoja hadi nusu ya kimo chake, upana wa mpasuo ukiwa sawa na unene wa boksi, kisha uvipachike kwa msalaba, mipasuo ya juu ikiingia kwenye ya chini. Vinasimama bila gundi, vinakunjika vikiwa bapa, na vikiwa vimebana sawasawa vinasaidia hata kuta kubeba uzito. Hapa ndipo maboksi yako yaliyochoka yanapopata ajira mpya.

Lebo usizibandike. Tundika kipande cha karatasi ngumu kwa uzi kwenye mkanda. Boksi lenye lebo tatu za zamani linapotea: mpokeaji mizigo wa stendi anasoma jina la kwanza analoliona. Na namba ya simu ya mteja wa mwezi uliopita haina haki ya kutembea Mbeya nzima ubavuni mwa mzigo wa mtu mwingine.

Yapo maboksi ambayo ningekuomba usiyarudishe kazini hata yakiwa mazuri kiasi gani. La kwanza ni boksi la vifaranga. Ni mojawapo ya maboksi yaliyobuniwa kwa akili nyingi: matundu ya hewa kila upande, vyumba vinne vya vifaranga 25 kila kimoja ili wasilundikane na kukosa pumzi, jumla 100. Lakini limejaa kinyesi na manyoya, na karatasi haioshwi. Ukilipeleka banda lingine umesafirisha kideri na ndugu zake. Lichome. La pili ni lililobeba viuatilifu, betri au rangi. La tatu, kwa wauza vyakula, ni boksi lolote lililotumika linaloguswa na chakula kisichofungwa. Maandazi, dagaa na viungo vya kusaga viwe kwanza kwenye mfuko au karatasi yake safi, kwa sababu wino na mafuta ya safari iliyopita yamo humo.

Na mende. Mawimbi ya boksi ni vyumba vya kupanga, giza na joto, na gundi ya wanga ni chakula. Boksi linalorudi kutoka kwa mteja lisiingie stoo moja kwa moja. Lifungue, ligongeshe chini ukiwa nje, liangalie kwenye mikunjo, liache juani nusu siku.

Sasa pesa. Tuchukulie boksi jipya la kawaida linakugharimu shilingi 2,000 na selotepu 200, jumla 2,200 kila safari. Lile la kufuli, pamoja na kazi na mikanda, limekutoka 3,500. Kurudisha maboksi matano bapa yaliyofungwa pamoja kwa basi ni 3,000, yaani 600 kila moja. Likisafiri mara nne na kurudi mara tatu, umetumia 3,500 na 1,800, ambayo ukiigawa kwa nne ni 1,325 kwa safari. Umepata faida nzuri. Likisafiri mara mbili tu kisha likapotea, ni 2,050 kwa safari. Umeokoa 150, na usumbufu wako haujalipwa. Lisiporudi kabisa umepoteza. Weka bei zako halisi kwenye hesabu hiyo kabla ya kukata boksi hata moja. Utaona kwamba ubora wa boksi unashinda au unashindwa kutegemea mteja wa Mbeya atalirudisha au atalifanyia kiota cha kuku.

Kurudisha tunakujua. Kila aliyewahi kutumwa soda dukani kwa Mangi anajua kwamba chupa tupu inatangulia, na isipokuwepo unaacha pesa yake. Fanya hivyohivyo. Weka dhamana ya boksi iandikwe wazi kwenye bei, tuseme 2,000. Usiirudishe kwa simu, maana makato yataila. Ipunguze kwenye oda inayofuata. Hapo mteja ana sababu mbili za kurudi kwako. Usimtume kila mteja stendi na boksi moja mkononi, hatakwenda. Katika kila mji chagua mteja mmoja mwenye duka awe mpokeaji wa maboksi, mpe punguzo lake, na yakifika matano au kumi ayafunge na kuyapakia. Zungumza na wakala wa basi bei ya furushi bapa kabla hujaanza, pale Mbezi au stendi yoyote unayotumia, ili mtu wako asije akatozwa kama mzigo.

Wateja ambao hawanunui tena usiwahesabu. Mtu anayenunua zawadi ya harusi mara moja maishani mpe boksi la kawaida, na selotepu, na heri. Maboksi yanayorudi ni ya wateja wa kudumu: wenye saluni, wenye maduka, wanaochukua mzigo kila mwisho wa mwezi.

Biashara ikikua utaenda kiwandani. Peleka vipimo vya ndani, kwa milimita, kwa mpangilio wa urefu, upana, kimo. Viwanda vingi vinafuata orodha ya mitindo ya FEFCO, shirikisho la watengeneza maboksi wa Ulaya, kwa hiyo namba zitakuokolea maelezo mengi: 0201 ni boksi la kawaida la selotepu; 0427 ni lile la kipande kimoja lenye kifuniko kinachochomekwa, halihitaji gundi; mitindo inayoanza na 03 ni ya mwili na kifuniko; 0711 lina kitako kinachojifunga chenyewe unapolifungua kutoka ubapa. Utatozwa kalibu ya kukatia, mara moja, na oda ndogo hupokelewa kwa shingo upande. Omba sampuli tupu, isiyochapwa, uitume Kigoma na irudi, kabla ya kulipia kalibu.

Kwenye karatasi ya nje usibane matumizi. Nyuzi za karatasi huzidi kuwa fupi kila inaporejelezwa, na boksi la kurudi linakunjwa palepale mara nyingi. Omba krafti ya nyuzi ndefu, ya misonobari, kama inayotengenezwa Mgololo na Mufindi Paper Mills, hata kama mawimbi ya ndani ni ya karatasi iliyorejelezwa. Maandishi yapunguze. Nembo moja nje, na ndani ya kifuniko, pale jicho la mteja linapotua kwanza, maneno mawili makubwa: Usitumie kisu. Chini yake michoro miwili ya kulikunja, kiasi cha dhamana, na jina la duka la kulirudishia katika mji wake. Mistari ya ziada ya kukunjia kwenye kuta, kwa kimo cha nusu na robo tatu, haiongezi gharama kubwa kama inaingia kwenye kalibu mapema, nayo inakuruhusu kulishusha boksi likiwa na mzigo mdogo badala ya kulijaza magazeti.

Boksi likifika mwisho, kona zikiwa laini na mawimbi yakiwa hayakatai tena, livue kila kisicho karatasi: selotepu, mipira, pini. Litunze kavu mpaka vijana wa guta wapite. Boksi kavu na safi wanalipima kwa kilo. Lililolowa au lenye mafuta wanalikataa, na hilo unaweza kulikatakata vipande na kuvitandika chini ya migomba, upande usio na wino mwingi ukiangalia udongo.